Miche ya Nyanya Nyumbani: Kwa Nini Inarefuka Kisha Inaanguka

Miche mingi inayooteshwa nyumbani hufa kwa giza na maji mengi. Kuotesha penyewe si kazi: mbegu nzima ikipata unyevu na joto itaota hata juu ya kabati la jikoni. Kazi inaanza inapochomoza.

Kwanza udongo. Ule wa bustanini ukiujaza kwenye kikombe kama ulivyo, unaleta vimelea vya kinyausi, ugonjwa unaoangusha miche michanga, na ukikauka unakuwa tofali. Changanya ndoo moja ya udongo wa juu, ndoo moja ya mboji iliyooza vizuri na nusu ndoo ya mchanga wa mto. Wa baharini hapana, una chumvi. Chekecha, kisha upike kuua vimelea hivyo. Weka mawe machache chini ya debe, mimina maji yasiyofunika mawe, panga vijiti juu yake na tandika kipande cha gunia, halafu jaza udongo wenye unyevu kidogo. Chomeka katikati kiazi mviringo kidogo, cha ukubwa wa yai, funika na ubandike motoni. Kiazi kikiiva, udongo nao tayari. Uache upoe hadi kesho yake.

Trei ya matundu 66 inatosha vizuri kwa nyanya. Ile ya matundu 200 ni ya bei nafuu kwa kila mche, lakini mizizi hubanana mapema. Vikombe vya mtindi navyo vinafaa, mradi utoboe matundu matatu chini kwa msumari wa moto. Mbegu moja kila tundu, kina cha nusu sentimita hadi moja. Mwagilia, funika na gazeti, weka ndani.

Kwenye joto la nyuzi 25 hivi, nyanya huchomoza siku ya 5 hadi ya 8. Pilipili hoho huweza kufika wiki mbili. Penye baridi, kama Lushoto au Njombe mwezi wa Juni, ongeza siku.

Kuanzia siku ya nne funua kila asubuhi. Utaona shingo nyeupe imejikunja kama kitanzi cha uzi, kichwa bado kimo udongoni. Siku hiyo hiyo ondoa gazeti, trei ipeleke kwenye mwanga. Ukichelewa siku mbili tu, mche unakuwa mrefu, mweupe, hauwezi kusimama. Dirisha peke yake halitoshi: huku kwetu jua la mchana liko utosini na upenu wa paa unalikinga, kwa hiyo chumba unachokiona cheupe ni giza kwa mche. Barazani upande wa mashariki ndipo pazuri, jua la asubuhi hadi saa nne, kisha kivuli chepesi. Funika na wavu wa wadudu wenye matundu madogo sana. Chandarua cha mbu hakimzuii inzi mweupe, na huyo ndiye anayeleta virusi vya kukunja majani.

Kinyausi kinajulikana kwa kiuno: shina linapogusa udongo linasinyaa, linakuwa jembamba kama uzi, rangi ya chai, na mche unalala majani yakiwa bado mabichi. Wengi hudhani ni kiu, wanaongeza maji, na kesho inaanguka miche ya jirani. Ng'oa ulioanguka pamoja na udongo wake, acha juu pakauke, pitisha hewa. Baada ya hapo nywesha kwa chini: trei kwenye beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, dakika 15 hadi 20, udongo wa juu ukibadilika rangi itoe. Fanya asubuhi, na pale tu trei inapokuwa nyepesi ukiinyanyua.

Nyanya iliyorefuka bado inaokolewa: unapohamishia shambani, fukia shina hadi karibu na majani ya chini, litatoa mizizi. Kabichi usiifukie hivyo, moyo wake ukizama inaoza.

Wiki ya mwisho punguza maji na ongeza saa za jua kidogo kidogo ili miche ikomae. Nyanya hupandwa ikiwa na wiki nne hadi tano, majani halisi (yanayofuata yale mawili ya kwanza) manne hadi sita, shina nene karibu kama penseli. Hoho ipe wiki sita hadi nane. Panda jioni, trei ikiwa imenyweshwa saa moja kabla ili mche utoke na udongo wake. Ule uliokwisha kutoa maua kwenye trei, usiupe nafasi shambani.