Fundi Anajibu: Pampu iko chini, mimi niko jikoni

SWALI: Papa Fundi, jambo. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, Nguba, hapa Bukavu. Pampu iko chini kabisa, inapandisha maji hadi tangi la lita 1000 juu ya nyumba, na floteri (swichi inayoelea majini) ndiyo inaiwasha na kuizima. Kulijaza ni kama dakika 25. Lakini tangi la chini likikauka, pampu inanguruma bure usiku kucha; moja imeshaungua. Kijana wangu anataka kufunga chaja ya simu kwenye waya wa pampu iwashe kengele. Tumwache? – Mama wa Nguba

JIBU: Mama, jambo sana. Kijana ameanza vizuri: ishara ichukuliwe kwenye waya wa pampu, baada ya floteri. Kabla ya floteri umeme uko muda wote, labda wakate mtaa mzima, na ishara ingewadanganya kutwa. Ila chaja hapana. Mota ikizimwa hurusha volti za ghafla zinazoua vifaa vidogo kama hivyo.

Nunueni taa ndogo ya ishara ya volti 220, kama zile za kwenye milango ya makabati ya umeme. Ifungwe sambamba na pampu, ikae jikoni. Palepale mnapochukulia faze (waya wenye umeme) wekeni fyuzi ya ampea 1, maana dijonkta ya pampu (swichi ya usalama inayokata umeme) ni kubwa mno kwa waya mwembamba wa taa. Waya huo usipandishwe bega kwa bega na nyaya nyingine zenye umeme: taa ya LED inaweza kumulika hafifu hata pampu ikiwa imezimwa, mkaanza kuilaumu floteri bure.

Kengele ina habari yake. Msiifunge ilie kila pampu inapowaka. Baada ya siku chache mtu ataichoka aikate, nazijua nyumba zetu! Tafuteni rilei ya saa, yaani swichi inayoendeshwa na umeme wa koili yake, koili ya volti 220, inayochelewa kuwasha. Koili ipate umeme kwenye waya uleule wa taa. Kengele ya volti 220 ipitie mguso wa rilei unaofunga muda ukifika. Iwekeni dakika 35, zaidi kidogo ya zile 25 za kujaza tangi. Pampu ikimaliza kazi mapema, rilei inarudi sifuri na kengele hailii. Mchoro wa miguu (sehemu za kufungia nyaya) umechapwa ubavuni mwa rilei. Fundi aufuate huo, asikisie, na dijonkta iwe imeshushwa kabla hajagusa kitu.

Sasa lililo kubwa zaidi, Mama: taa inasema pampu imepewa umeme. Haisemi maji yanapanda. Na kengele itawaamsha pampu ikiwa imeshanguruma kavu hata dakika 35, muda unaotosha kuunguza sili yake (kizibo kinachozuia maji kuvuja). Kwa hiyo wekeni floteri ya pili kwenye tangi la chini, ifungwe mfululizo na ile ya juu, izime pampu maji yakiisha. Pesa zikiwa chache, anzeni na hiyo. Kengele itafuata, kwa siku ambayo bomba litapasuka au floteri ya juu itakwama na maji kumwagikia jirani wa chini.