Uvimbe kwa kipanya: usiupe jina kabla ya hadubini

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye chumba cha wanyama wa maabara, hili nawaambia mapema kwa sababu mimi nilichelewa kulijua.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Mbeya nilimkuta kipanya jike mzee ana uvimbe karibu na bega. Kwenye kadi ya kizimba nikaandika "uvimbe wa ngozi". Tezi ya maziwa haikunijia kabisa akilini, tena begani! Kumbe kipanya ana jozi 5 za tezi, nazo zimetandaa chini ya ngozi toka shingoni hadi kinenani, zikapanda ubavuni kuelekea mgongoni. Ukigusa uvimbe begani au ubavuni, anza kufikiria tezi.

Waliowahi kufuga panya wakubwa hukosea kivingine. Kwa majike wazee wa panya wale, fibroadenoma, yaani uvimbe usio saratani wenye tezi na nyuzinyuzi pamoja, ni jambo la kila siku. Kwa kipanya ni nadra sana. Uvimbe mwingi wa tezi zake huwa saratani. Vipanya wa C3H, ukoo mmoja wa maabara, kwa mfano, zamani walirithishana virusi vya saratani hiyo kwa maziwa ya mama; mtafiti Mmarekani John Bittner ndiye aliyeonyesha mwaka 1936 kwamba kiini chake kinapita kwenye kunyonya.

Ule wangu ulikuwa fibroadenoma. Ulikuwa mviringo, ukiteleza chini ya kidole, ila saratani changa nayo huweza kuteleza hivyohivyo.

Nilipoharibu ni kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi kipande kisioze kabla ya kupimwa. Uvimbe ulikaribia sentimita 2, nami nikautumbukiza mzima kwenye kichupa kidogo. Formalini huingia taratibu, katikati pakaoza, na daktari wa patholojia akasoma kingo tu. Inaniuma mpaka leo. Kateni vipande visivyozidi nusu sentimita, formalini ya asilimia 10 yenye bafa (kemikali ya kuzuia isiwe tindikali) iwe mara 10 ya ujazo wa kipande, iachwe saa 24 hadi 48.

 

Na mapafu msiyaache. Saratani ya tezi hizi hupenda kuhamia huko, kwa hiyo yachukueni siku ileile, hata uvimbe ukionekana mpole kiasi gani.