Rufaa baada ya ombi la kipimo cha DNA kukataliwa Texas
Ndugu, umeuliza iwapo kaka yako aliyefungwa Texas, ambaye jaji amemkatalia kipimo cha DNA, aende moja kwa moja mahakama ya shirikisho. Hapana, awasilishe kwanza taarifa ya rufaa ndani ya siku 30 tangu amri itolewe, nayo itasikilizwa na mahakama ya rufaa ya jimbo (kesi za hukumu ya kifo zina njia yake). Pagumu, kwa maoni yangu, ni kuonyesha kwamba utambulisho wa mhalifu ulikuwa na ubishi, na kwamba kama matokeo ya DNA ya kumwondolea kaka yako lawama yangalikuwapo, yaelekea asingetiwa hatiani. Kesi ya Skinner dhidi ya Switzer, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani 2011, iliruhusu kwenda mahakama ya shirikisho, lakini kupinga sheria yenyewe ya vipimo vya DNA tu, si uamuzi wa jaji.