Maswali ya Wasomaji: Kinanda cha Jimmy Smith

SWALI: Jalada la albamu ya jazi "Back at the Chicken Shack" linataja wanamuziki wanne tu: Jimmy Smith kinanda, Stanley Turrentine saksofoni, Kenny Burrell gitaa na Donald Bailey dramu. Besi ninayoisikia anapiga nani?

JIBU: Smith mwenyewe. Mkono wa kushoto unatembeza besi kwenye safu ya chini kati ya safu mbili za vibonye vya kinanda cha Hammond, na mguu unadonoa pedali ya besi, kwa kifupi mno, ili noti ianze na mshindo. Wanaomwiga huikandamiza pedali. Besi inavimba na kuifunika dramu. Mhandisi wa sauti Rudy Van Gelder alirekodi albamu hii tarehe 25 Aprili 1960, studioni kwake Englewood Cliffs, New Jersey. Nyimbo nyingine za siku hiyohiyo ndizo zilizotangulia kutoka, katika "Midnight Special". Hii ikasubiri hadi 1963.

SWALI: Nimevuta fimbo za sauti 888000000 (tatu za kwanza hadi mwisho, sita zilizobaki ndani) kama wanavyoshauri wengi, lakini kinanda changu bado kinalia kama cha kanisani.

JIBU: Umebakiza pakasheni, ule mlio wa "tok" unaotangulia noti. Iwashe, swichi ya kufifia iweke kwenye "fast", ya harmoniki kwenye "third", na vibrato C-3. Halafu tazama vidole vyako. Pakasheni hulia pale tu vibonye vyote vya safu ya juu vimeachiwa. Ukiunganisha noti kama mpiga piano, ya kwanza itagonga, zinazofuata kimya. Kwa hiyo inua kidole kabla kingine hakijashuka, na pedali ya sustaini iache kabisa. Haigongi hata kidogo? Kwenye B-3 halisi, modeli ya Hammond, hufanya kazi ukichagua kibonye cha B tu kati ya vile vyeusi vya kushoto vya kuchagulia sauti. Fimbo ya tisa nayo hunyamaza pakasheni ikiwaka, usimwite fundi.

SWALI: Nataka kuleta B-3 ya Marekani Nairobi. Transfoma ya kushusha 240 hadi 120 inatosha?

JIBU: Haitoshi. Transfoma hubadili volti, haigusi hezi (mizunguko ya umeme kwa sekunde), na mota ya B-3 huzunguka kwa kufuata hezi. Imeundwa kwa 60. Huku tuna 50. Kinanda kizima kitashuka takriban nusutoni tatu: unapiga C, inalia A. Nunua kigeuzi kinachotoa volti 120 na hezi 60 kwa wimbi laini, au tafuta B-3 iliyotengenezwa kwa nchi za hezi 50.