Boksi la vyambo vya besi kutoka Marekani: rangi utachagua mwishoni

Mkuu wa Ujiji, swali lako nimelipata. Kwa anayeingia sasa bila kusoma huko juu: jamaa kaletewa na shemeji yake kutoka Marekani boksi la vyambo bandia vya kuvulia samaki aitwaye besi wa mdomo mkubwa (largemouth bass), rangi zimejaa humo kama duka la kanga, anauliza aanze na ipi na kama vinaweza kukamata chochote hapa Ziwa Tanganyika ambapo besi hayupo. Halafu kuna mdau kamjibu kwa mkato "funga nyekundu, nyekundu ni damu, hakuna samaki anayekataa damu". Hapo ndipo nimeshindwa kupita kimya kimya.

Mimi ni mtoto wa Bangwe, hapa Kigoma, ila nimekaa Naivasha kule Kenya miaka kadhaa, nilienda kwa kazi za mashamba ya maua, na kule besi yupo toka 1929 alipopandikizwa, asili yake Marekani. Jumapili zangu nyingi ziliishia kwenye boti ya jamaa mmoja wa pale. Kwa hiyo vyambo kama vyako nimevitumia kwa samaki mwenyewe aliyekusudiwa, na niliporudi nyumbani nikavitumia kwa kuhe na migebuka, samaki walaji wa ziwa letu.

Jibu fupi: rangi ni swali la tatu. La kwanza ni samaki yuko kina gani saa hiyo. La pili anakula nini pale alipo, na hicho anachokula kina ukubwa gani na kinakwendaje. Ukishajibu hayo mawili ndiyo ufungue boksi uangalie rangi, na hata hapo anayekuchagulia ni maji.

Sasa hii habari ya nyekundu. Mwanga ukiingia majini hauzami wote sawa, nyekundu ndiyo inaishia juu kabisa, kwenye maji maangavu kama yetu bluu ndiyo inakwenda mbali zaidi. Funga kitambaa chekundu kwenye timazi ukishushe pale Katonga siku ya maji matulivu, ukiwa na miwani ya kuzamia utaona mwenyewe kinavyozidi kufifia mpaka kinakuwa kijivu cha giza. Kwa hiyo mtu anayeshusha chambo chekundu mita kumi na tano akidhani anaonyesha damu, huko chini anaonyesha kitu cheusi cheusi tu. Inaweza kukamata, sikatai, ila siyo kwa sababu ya damu.

Naivasha nyekundu inafanya kazi kweli na sababu ipo. Mwaka 1970 waliingiza kule kambamti wa Louisiana, yule wa maji baridi mwenye makucha, mwekundu wa kuiva, akazaliana ziwa zima, na besi akamfanya chakula. Chambo cha rangi ya nyekundu na kahawia ukikivuta kinagongagonga mawe chini, kwenye maji ya mita moja mbili ambako nyekundu bado inaonekana, besi anajua hicho ni nini. Ukichukua rangi hiyo hiyo ukaifunga kwenye chambo chenye umbo la samaki ukakipitisha juu juu, umeshavuruga, rangi inasema kambamti na mwendo unasema samaki.

Na kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, ulichapishwa 2019, waliwafundisha besi kuchagua rangi ili wapate chakula. Ikaonekana nyekundu na kijani anazitambua vizuri sana, lakini ile njano kali ya limau anaichanganya na nyeupe, na bluu iliyokolea anaichanganya na nyeusi. Jicho lake lina aina mbili tu za vipokea rangi, sisi tuna tatu. Maana yake kwenye boksi lako zile minyoo za plastiki nyeusi tupu na zile nyeusi zenye bluu, kwa macho ya besi huenda ni kitu kimoja kilicholipiwa mara mbili. Wenye viwanda wanamvua mvuvi kwanza, samaki baadaye. Ila angalia, hayo ni macho ya besi, usije ukayachukua mazima ukampa kuhe.

Kule Naivasha maji mara nyingi ni ya tope, ni yule samaki aitwaye kapu (carp) ndiye anayechimba chini usiku na mchana, na upepo wa mchana unamalizia. Kwenye maji ya hivyo samaki anaona kivuli, haoni urembo. Nilikuwa nafunga mnyoo mweusi wa plastiki, ndoano imefichwa ndani ya mwili wa mnyoo ili isinase kwenye mafunjo, mbele kitimazi cha umbo la risasi kinachoteleza kwenye uzi, nautupia kwenye mdomo wa mafunjo, unashuka, nanyanyua kidogo, unashuka tena. Au spina nyeupe, yaani chambo chenye vijani vya chuma vinavyozunguka kikivutwa, yenye majani ya duara, maana jani la duara linatikisa maji kuliko lile jembamba na besi anasikia mtikisiko ubavuni kabla hajaona kitu. Siku chache maji yakitulia yakawa safi, hapo ndipo zile rangi tulivu zinaamka, kijani cha boga lenye vidoa vyeusi, kahawia, kijani cha ganda la tikiti. Kwa kifupi maji machafu weka cheusi au kinachowaka, maji safi weka kinachofanana na chakula. (Na viboko wa Naivasha siyo wa kutaniwa, mafunjo yakitikisika bila upepo sogeza boti kwanza, samaki baadaye.)

Haya, turudi nyumbani.

Hapa Kigoma una maji mawili tofauti na watu wanavua kana kwamba ni moja. Kuna maji ya mawe, Bangwe, Katonga, ukanda wa Kibirizi kwenda kaskazini, ambako siku nzuri unaona mwamba mita kumi na zaidi chini. Halafu kuna maji ya mtoni, pale Luiche inapoingia chini ya Ujiji yenu, na kusini kabisa Malagarasi kule Ilagala, masika yanakuwa kahawia na unauona mpaka kabisa, huku tope huku bluu. Vile vyambo vyako vya kuwaka, njano-limau na machungwa, peleka kwenye maji ya kahawia au kwenye ule mpaka. Kwenye mawe ya Bangwe saa nne asubuhi vitakuaibisha.

Nakupa mfano. Nimesimama juu ya jiwe Bangwe, jua limepanda, maji yametulia, nimefunga kasamaki ka plastiki ka njano-limau mgongo mweusi, kako karibu shubiri nzima. Kuhe akatoka pembeni ya mwamba pale unapokutana na mchanga, urefu wa toka kiwiko mpaka ncha za vidole, akaanza kukafuata. Pua yake iko vidole vinne nyuma ya mkia wa chambo, mapezi ya kifuani yanachezacheza, yale madoa meusi ya ubavuni nayaona moja moja, mimi navuta yeye anakuja. Nikasimamisha, naye akasimama. Akakaa anakiangalia, akafungua mdomo kidogo akaufunga, akageuka bila haraka yoyote akarudi mchangani. Nikafungua, nikafunga kijiko chembamba cha fedha urefu wa kidole cha shahada, mgongoni nimekipaka rangi ya kucha ya bluu. Nikatupa, nikakiacha kizame nikihesabu polepole mpaka nane, nikavuta haraka mara tatu, nikaachia ghafla kikaanza kuanguka kwa kuyumbayumba. Akakibebea hapo kwenye kuanguka, sijui kama ni yule yule au mwenzake.

Sasa usikimbilie kusema ni bluu. Nilibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, rangi, ukubwa na mwendo. Siku nyingine nimekitumia kijiko hicho hicho rangi ya kucha imeshabanduka yote, fedha tupu, na kikakamata vile vile. Lakini nikikivuta kwa mwendo mmoja polepole, wanakifuata mpaka miguuni na kugeuka. Kuhe wa mawe anakula samaki wadogo, na dagaa anayemjua yeye ni mwembamba, anameta, anakwenda kwa kushtuka. Umbo na mwendo ndiyo vilivyomwambia hiki ni chakula, rangi ilichofanya ni kutomtia shaka.

Kwa hiyo kwenye boksi lako toa hivi: kila kilicho cheupe, cha fedha, chenye mgongo wa bluu au kijani iliyokolea, na kisichozidi kidole. Hivyo ndivyo vya maji ya mawe. Zile krenki, yaani samaki wa plastiki ngumu wenye kimdomo cha plastiki mbele, angalia urefu wa hicho kimdomo kabla ya rangi. Kifupi kinashuka mita moja au mbili, kirefu kinaweza kufika mita nne mpaka sita ukiwa na uzi mwembamba. Ukirambaza nyuma ya boti taratibu kando ya mawe asubuhi, chenye kimdomo kirefu cha rangi mbaya kitamshinda kifupi cha rangi nzuri, kwa sababu kimoja kinapita alipo samaki na kingine kinapita juu ya paa la nyumba yake. Uzi wenyewe pia uwe mwembamba na usioonekana, kwenye maji yetu haya uzi mnene unamuonyesha kila kitu.

Migebuka ni habari nyingine, na hapa wazee wa mshipi wanatushinda wote wenye rodi. Dagaa mchana wanashuka kina, usiku wanapanda juu, na mgebuka anawafuata. Ndiyo maana wavuvi wa taa wanatoka usiku wa giza na mbalamwezi wanakaa nyumbani kushona nyavu. Wazee wanashusha mshipi mmoja wenye ndoano nyingi, kila ndoano imefungwa manyoya meupe au kipande cha kitu kinachometa, wanaunyanyua na kuushusha. Hakuna rangi thelathini pale. Ni nyeupe na mmeto, basi, na kina wanakijua kwa kupima kwa mikono. Ukikaa karibu na mwanga wa taa kumbuka samaki anatazama juu, chambo chako anakiona kama kivuli dhidi ya mwanga, hivyo umbo dogo na jembamba ndiyo kila kitu.

Minyoo ya plastiki usiitupe. Jaribu ile ya kahawia na ya kijani cha boga kwenye mchanga karibu na mawe, ivute chini kabisa, samaki wadogo wa mawe wataing'ata mkia mpaka uchoke, ila mara moja moja anakuja mkubwa. Malagarasi usiende nayo kabisa, kule kuna yule samaki mwenye meno ya nje, taiga (tigerfish), plastiki laini anaikata kipande na uzi juu. Huyo anataka kijiko cha chuma na kipande cha waya mbele, na rangi hata usijisumbue, fedha au shaba inatosha. Na usisimame kwenye maji pale, mamba wapo.

Ndoano za vyambo vya besi vidogo mara nyingi ni nyembamba. Badilisha zile za nyuma uweke imara zaidi, maana sangala, yule mkubwa wa ziwa letu wa ukoo mmoja na sangara, akiamua kuichukua hiyo krenki yako ataziacha zimenyooka.

Mdau aliyeuliza kwa nini tusimlete huyo besi hapa ziwani au Malagarasi: hapana mkuu. Tanganyika ina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sato na kuhe, na karibu wote hawapatikani popote pengine. Sangara kule Victoria tumeona alichofanya. Besi ni mlaji, abaki Naivasha.

Na ukikuta kuhe wawili wamesimama sehemu moja na wingu la watoto kati yao, wapishe. Wakati ule wanalinda tu, wanakaa hapo hapo na kufukuza kila kinachosogea, kwa hiyo ukimpitishia chambo atakishambulia hata kiwe rangi ya zambarau, na ukishamtoa, watoto wote wanaliwa siku hiyo hiyo. Leseni kata, na fuatilia matangazo ya kufunga ziwa, mwaka 2024 upande wetu lilifungwa toka 15 Mei mpaka 15 Agosti na waliojifanya hawajasikia walijuta.

Swali lako la mwisho la ile dawa ya kupulizia yenye harufu, kwenye vyambo vya chuma vya kuvutwa haraka sioni faida, samaki ameshaamua kabla hajanusa. Kwenye minyoo inayokaa chini muda mrefu sawa, inamfanya akishaing'ata asiiteme mapema.

Picha ya boksi lako kwangu haijafunguka, naona kiduara tu kinazunguka. Ipandishe upya, hasa ile safu ya chini ya krenki, nikuambie zipi zina kimdomo cha kufika mita nne na zipi ni za kuchezea juu tu.