Usifunge duka: jibu kwa ndugu anayeuza mchele Mwanjelwa

Ndugu yangu, umeeleza kwamba tangu ulipookoka baadhi ya wapendwa wa kanisani wanakushauri ufunge duka lako la nafaka pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kwa sababu biashara inakula muda wa ibada na inakusukuma kusema uongo mdogo mdogo, na umeomba kusikia kutoka kwa waliopita njia hiyo. Mimi ni Mmoravian, yaani muumini wa Kanisa la Moravian, niliyelelewa Rungwe, nimeuza mchele hapa Mbeya kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu usifunge.

Soma Luka sura ya 3, pale watu wanapomwendea Yohana Mbatizaji na kumwuliza wafanye nini. Watoza ushuru, ambao hakuna aliyewapenda, hawakuambiwa waache kazi. Waliambiwa wasitoze kupita kiasi walichoamriwa. Askari nao waliambiwa wasimdhulumu mtu na watosheke na mshahara wao. Kila kundi lilipewa agizo lililogusa mahali ambapo kazi yake inamtelezesha mtu kwa urahisi zaidi. Naamini muuza mchele wa Mbeya angemwendea Yohana leo, angejibiwa kwanza kuhusu jina la mchele wake.

Unajua ninachozungumzia. Mchele wa Kyela unatafutwa kwa harufu yake, na kwa jina hilo pekee mtu huongeza bei. Basi mfanyabiashara ananunua mchele wa Mbarali, ambao kwa kweli ni mchele mzuri usiohitaji kuazima jina la mwingine, anachanganya na wa Kyela kidogo ili unukie, kisha anaweka kibao kinachosema ni wa Kyela mtupu. Mteja wa Dar es Salaam anayeagiza kwa simu hawezi kugundua hadi mzigo umfikie, na pengine hata hapo asigundue. Mimi mchanganyiko nauita mchanganyiko na kuuuza kwa bei ya mchanganyiko. Wapo wateja waliohama kwa sababu hiyo na hawakurudi. Mahubiri yanayoahidi kwamba ukiwa mwaminifu mauzo yatapanda hayajatimia kwangu katika jambo hili, na nashuku kwamba wanaoyahubiri hawajawahi kusimama sokoni baada ya mavuno, wakati mchele umejaa kila kona na kila muuzaji anamwita mteja yule yule. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Haisemi kwamba mizani ya haki huleta wateja.

Kuhusu vipimo sina mengi ya kusema, kwa kuwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake, inakatazwa na sheria ya nchi na hatuhitaji mchungaji wa kutufafanulia. Gunia lenye kilemba juu ni mali ya mkulima iliyochukuliwa bila malipo, hata kama soko zima limezoea.

Jambo gumu zaidi, ambalo sijalisikia likihubiriwa mara nyingi, ni mikopo tunayowapa wakulima kabla ya mavuno. Mwezi wa pili chakula kimepungua nyumbani, ada na sare za shule zimekwisha kumaliza akiba, mpunga bado uko majini, na mkulima anakuja dukani akiomba fedha. Desturi ni kumpa kiasi fulani kwa ahadi ya magunia ya mpunga wakati wa mavuno, kwa bei ambayo mnapatana siku hiyo, na siku hiyo mkulima hana nguvu ya kupatana chochote. Anavuna, na nusu ya jasho lake linapakiwa kwenye gari la mtu mwingine. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba maskini, na mtu anaweza kujitetea kwamba yeye hatozi riba, ananunua mazao tu. Sioni tofauti, maana tofauti kati ya bei ile ya njaa na bei ya mavuno ndiyo riba yenyewe. Ninachofanya ni kuandikiana kwamba deni litalipwa kwa fedha au kwa mpunga, lakini mpunga utahesabiwa kwa bei ya soko ya siku ya kuupokea. Faida yangu inabaki katika kukoboa na kusafirisha, nayo yatosha. Wanaoshindwa kulipa wapo, hivyo usikopeshe fedha ambayo ukiikosa duka litatikisika. Huruma inayoua mtaji haimsaidii mkulima wa mwaka unaofuata.

Vibarua wanaopakia magunia walipwe siku ile ile kabla jua halijatua, kama Kumbukumbu la Torati 24:15 inavyoagiza. Kumwambia mtu anayeishi kwa kipato cha siku kwamba apite kesho ni kuilaza familia yake na njaa.

Sasa kuhusu muda wa ibada. Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, ya kuwa na andiko la kila siku: mstari wa Agano la Kale uliopatikana kwa kura, na baadaye ukaongezewa wa Agano Jipya. Ni mistari miwili tu, inayosomwa kabla ya kufungua mlango wa duka. Wewe si lazima uwe Mmoravian ili uifuate. Mistari miwili unayokwenda nayo mpaka jioni, ukipima na kuhesabu, naiona ina faida kuliko mkesha ambao kesho yake unasinzia juu ya mizani na kuwafokea wateja. Mikesha siipingi, nasema tu isiwe kipimo cha wokovu wako mbele ya wenzako.

Jumapili nafunga hadi ibada ya pili iishe, na mteja akinikuta nimefunga huenda kwa jirani. Kijana wangu wa dukani ni Mwislamu, na Ijumaa mchana ana ruhusa ya kwenda msikitini bila kukatwa ujira, kwa kuwa nisingeweza kuidai siku yangu huku nikimnyima yake. Wapendwa wakiendelea kukusisitiza ufunge, waulize kwa upole ni nani atakayenunua mpunga wa wale wakulima ukiondoka, na kwa bei gani.