Mfumo mmoja, fremuweki tatu, na gunia la lumbesa

Mjomba wangu ananunua mahindi na alizeti vijijini na kuuza soko la Kibaigwa. Mwaka jana aliniomba nimtengenezee mfumo wa kuandikia mizigo, maana kaunta buku yake ilishalowa chai mara mbili. Nikamjibu, "Sawa mjomba," halafu wiki nzima ikaishia kwenye ubishi na wenzangu waandishi wa programu hapa Dodoma, kuhusu fremuweki, yaani vifaa vilivyokwishaandikwa ambavyo unajengea mfumo wako juu yake. Mmoja ananiambia Laravel, mwingine Django, wa tatu anaapa kwamba bila React sijafanya kitu. Nilipochoka nikaamua kuuandika mfumo uleule mara tatu: Django, kisha Laravel, kisha Express kwa nyuma (kwenye seva, kompyuta inayohudumia mfumo) na React kwa mbele (kwenye skrini ya mtumiaji). (Mjomba aliponisikia kwenye simu nikisema "kodi zangu zimegoma" alidhani TRA, watoza kodi, wamenifuata. Kwa hiyo hapa maandishi ya kuiamuru kompyuta nitayaita msimbo.)

Kabla ya kuwasha kompyuta niliandika karatasi moja: kusajili mkulima, kuingiza idadi ya magunia na bei, kuandika malipo ya awamu, kutoa ripoti ya jioni. Karatasi hiyo niliibandika ukutani, na kila mfumo ulipaswa kuifuata bila nyongeza. Nakushauri na wewe ukitaka kulinganisha, tafuta kazi ya mtu halisi. Mtandaoni kuna TodoMVC, orodha ileile ya mambo ya kufanya iliyoandikwa kwa fremuweki kibao. Kuonja inafaa, lakini orodha ile haina mteja anayekupigia simu usiku.

Siku ya kwanza Django iliniacha mdomo wazi. Nilieleza majedwali yangu manne na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa na kurasa za kuingiza, kutafuta na kuhariri wakulima, bila kuandika fomu hata moja. Ukijua ilikotoka huwezi kushangaa. Ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Wahariri wanaokimbizana na muda hawawezi kumsubiri fundi awachoree fomu, basi fomu zikaja zimejengwa ndani.

Laravel, ambayo Taylor Otwell aliitoa mwaka 2011, ilinichukua siku mbili kufika palepale, ila msimbo wake unasomeka kama barua. Tena PHP, lugha ya programu ambayo Laravel imeandikwa nayo, inakubalika hata kwenye seva za bei ya chini kabisa. Kwa Express sikufika popote siku hizo. Yenyewe inapokea ombi na kulielekeza njia, basi. Mengine yote unajichagulia. Jioni mbili ziliisha nikichagua maktaba ya nywila, ya kukagua fomu, ya kuongea na kanzidata (hifadhi ya data), na bando la wiki likaishia kwenye kupakua vifurushi. Simlaumu mtu, ndivyo ilivyokusudiwa.

Ningeishia hapo ningekuandikia kwamba Django imeshinda, na ningekuwa nimekudanganya. Siku ya kwanza kila fremuweki ina maringo ya bi harusi.

Mambo yalianza mjomba alipoutumia. Wiki ya pili akapiga simu: "Anko, hii inaandika gunia moja, lakini gunia lile ni lumbesa. Mimi nalipa kwa kilo." Kweli. Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, lakini bado inakuja imeshonewa kilemba juu, na karatasi yangu ilikuwa imeandika magunia kana kwamba yote ni sawa. Ikabidi niongeze safu ya kilo kwenye mifumo yote mitatu.

Django ilinisimamisha mlangoni. Nilipoamuru itengeneze faili la mabadiliko ikaniuliza: safu hii mpya hairuhusiwi kuwa tupu, sasa mizigo ya zamani tuijaze nini? Nilitaka kuandika 100, kidole kikasita. Hakuna aliyepima yale magunia. Nikarudi nikairuhusu safu iwe tupu, na ripoti ikaandika "haikupimwa" kwa mizigo ya nyuma.

Kwenye Laravel faili hilo unaliandika mwenyewe. Nikasahau kuruhusu utupu. MySQL, kanzidata yenyewe, haikupiga kelele, ikajaza sifuri kwenye mizigo yote ya zamani. Jioni ripoti ikasema mjomba amenunua kilo sifuri kwa mamilioni ya shilingi. Kosa ni langu, lakini angalia lilikopitia: swali ambalo Django iliniuliza, hapa halikuulizwa na yeyote. Kwenye Express na React badiliko hilohilo liligusa sehemu tano. Nikagusa nne. Fomu ikatuma kilo vizuri kabisa, seva ikazitupa kimyakimya kwa sababu hazikuwa kwenye orodha ya vinavyokubaliwa.

Halafu zikaja saa. Msimu ukichanganya, malori yanapakiwa hadi saa saba usiku, na mizigo hiyo ikawa inaonekana kwenye ripoti ya jana. Django na Laravel zote mbili zinaanza na saa za UTC, saa za rejea za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Unabadili mstari mmoja kwenda Africa/Dar_es_Salaam, umemaliza. Hivyo nilidhani. Kwenye Django ni kweli, kwa kuwa kanzidata inaendelea kutunza UTC na tafsiri ndiyo inayobadilika. Hata mizigo ya zamani ilijipanga. Laravel inaandika saa kama ilivyo, bila kutaja ni ya wapi. Nilipobadili mpangilio, mzigo wa zamani uliopokelewa saa nne asubuhi ukasomeka saa moja. Ilibidi nisogeze rekodi zote za nyuma kwa saa tatu. Kama unatumia Laravel, badilisha mstari huo kabla hujaingiza mzigo wa kwanza.

React nayo ilipata siku yake. Karani wa mjomba anatumia simu, na mtandao ukikata katikati ya kutuma, fomu ya React ilibaki imejaa vilevile akisubiri. Zile mbili zilimrudishia ukurasa mweupe wa kivinjari, akabonyeza tena, mzigo ukaingia mara mbili. Dawa ilikuwa kuipa kila fomu namba yake ya kipekee na kukataa inayojirudia. Hiyo niliiandika kwa mkono kote kutatu, maana hata React ingeingiza mara mbili kama jibu ndilo lililopotea njiani.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha, usiandike mfumo mara tatu ukasimama. Andika, tia data za kweli, kisha mwombe mwenye kazi abadilishe jambo moja la msingi, na uhesabu umegusa mafaili mangapi na nani alikushtua ulipokosea. Siku moja ya badiliko ilinifundisha kuliko wiki nzima ya kuanza. Uliza pia nani atakayeushika ukihama mji. Mjomba anatumia Django leo, ila duka la rafiki yangu nimelipa Laravel, kwa sababu kijana wao wa kompyuta anajua PHP na hana muda wa kuanza Python, lugha ya Django.

Zile nakala mbili sijazifuta. Mwezi uliopita alikuja mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kufanya fildi kwangu, na asubuhi hiyohiyo mjomba alikuwa amepiga simu: anataka alizeti iandikwe pamoja na kiasi cha mafuta kilichotoka baada ya kukamuliwa. Nikampa kijana nakala zote tatu na ombi la mjomba, nikaenda kununua chapati.